Mwonjaji wa Damuhai

Aikande Nkya alikatazwa kukata kucha. Kucha zake, nywele zake, hata mate yake, vyote viliandikwa kwenye hati kuwa ni ushahidi chini ya Baraza la Madhara mpaka shauri litakapokwisha, na shauri lenyewe lilikuwa bado halijaanza. Huo ulikuwa mwezi wake wa pili katika vyumba viwili vya Nyumba ya Vielelezo, Moshi mjini, vyenye dirisha moja lisilofunguka lililotazama ukuta wa jengo jingine. Chumba cha jirani kilikuwa na rafu, na kwenye rafu kulikuwa na pakiti za unga, vijiko na vichupa vya damu, kila kitu na kibandiko chake. Yeye hakuwekwa rafuni kwa sababu tu asingeenea. Kibandiko alikuwa nacho, bangili ya plastiki mkononi: Kielelezo Namba Moja.

Chakula chake kilipimwa kwenye mizani kikiingia, na masalia yakapimwa yakitoka. Afisa wa zamu alikuwa dada mpole ambaye mahali pengine wangeweza kuwa marafiki, lakini aliruhusiwa kumsalimia na kumuuliza kama amelala vizuri, basi. Kuzungumza habari za shauri na kielelezo lilikuwa kosa. Nani huzungumza na pakiti ya unga?

Sheria yenyewe, walioitunga walijisifu kwamba wameichukua nyumbani. Zamani kila kiwanda cha virutubisho kilikuwa na cheti, na kila cheti kilikuwa na muhuri, na watu waliugua vilevile. Ndipo mbunge mmoja akasimama akauliza kwa nini mbege, pombe ya ndizi, imenyweka miaka yote bila muhuri. Akajijibu mwenyewe: kwa sababu mwenye nyumba hunywa mwanzo, mbele ya mgeni, ndipo kata inapitishwa. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na mwaka uliofuata ikawa sheria. Kila unga, mafuta au kidonge kinachouzwa kwa jina la afya sharti kionjwe na mtu mwenye jina na sura, siku arobaini mfululizo, na kipimo kikiwa ndani ya mwili wake. Sura yake ichapwe kwenye pakiti. Likitokea la kutokea, wa kwanza kujibu ni yeye. Wenye viwanda walipiga makofi kuliko watu wote siku hiyo, na hawakuwa wajinga.

Aikande aliipenda kazi hiyo, lazima lisemwe. Miaka tisa aliifanya. Chini ya mfupa wa bega la kushoto alikuwa na kipimo, hakizidi punje ya haragwe, kilichochora mistari ya damu yake usiku na mchana: mstari wa sukari, mstari wa chuma, mstari wa ini. Akipita sokoni watu walimjua kwa sura ya pakiti. Mwaka jana baba mmoja wa Kibosho, fundi wa kuchomelea mageti, alimletea mkungu mzima wa ndizi kumshukuru, kwa sababu binti yake Nsia, aliyekuwa mweupe wa kukosa damu hadi kwenye viganja, sasa alikuwa anakimbia. Nsia alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anatumia Damuhai, pakiti za majaribio za mwanzo, dhaifu. Baba yake aliendelea kuinunua ilipoanza kuuzwa ile kali.

Damuhai ulikuwa unga wa rangi ya kutu, na tofauti na vyote alivyowahi kuonja, ulikuwa hai. Ndani yake mlikuwa na chachu. Mtaalamu wa maabara ya kampuni, mama mmoja aliyependa kufundisha, aliwakusanya waonjaji akawaeleza. Chachu hii, alisema, tumeifundisha kazi moja tu, kuokota chuma popote kilipo tumboni na kukiingiza kwenye damu. Lakini ni mvivu, kama mume wangu. Ikishiba inalala. Inafanya kazi ikiwa na njaa, ndiyo maana pakiti inasema inywewe alfajiri, tumbo tupu. Waonjaji walicheka sana habari za mume.

Sasa watoto arobaini na watatu walikuwa wameugua. Chachu ilikuwa imeokota chuma bila kujua pa kukoma, ikakirundika kwenye maini yao mpaka macho yakawa ya manjano. Wengi walikuwa watoto wa shule, walioinywa alfajiri na kukaa bila kitu hadi mchana. Wawili walikuwa wamezikwa. Nsia alikuwa wodini. Aikande, aliyeinywa Damuhai ile ile, kipimo kile kile, siku arobaini kamili, alikuwa mzima kabisa, na hicho ndicho kilichomfanya awe kielelezo.

Siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, redio ya darini ilimletea taarifa ya hospitali, akiwa na kijiko mkononi. Daktari alisema kwamba tangu Jumapili wamesimamisha chakula chote kwa wagonjwa, wamebaki na dripu, ili chachu ife njaa. Akasema pia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba hawaelewi kwa nini tangu Jumapili hiyo chuma kimepanda maradufu. Mtoto wa tatu amefariki alfajiri.

Aikande aliweka kijiko chini. Ikishiba inalala. Mtu aliyesikia maneno yale kama utani angeyasahau, na wengi waliyasahau, lakini yeye alikuwa na sababu ya kuyakumbuka, kwa kuwa siku zote zile arobaini chachu yake mwenyewe haikuwahi kukaa njaa hata asubuhi moja. Hawaiui, alijiambia. Wanaiamsha.

*

Sababu hiyo ilikuwa mtori.

Mwaka wake wa kwanza kiwandani, zoezi la kuonja lilichelewa na Aikande akaanguka kwa njaa mlangoni mwa chumba cha kuonjea. Mpishi wa kiwanda, Mama Kundaeli, alimwinua, akamketisha jikoni kwake, akamnywesha kikombe cha mtori, supu nzito ya ndizi za mshare na mfupa. Alisema hakuna mtu atakayepewa kitu cha kiwanda na tumbo kavu yeye akiwa hai. Tangu hapo kikombe kilimsubiri kila asubuhi. Miaka tisa. Ilipokuja Damuhai na masharti yake, Aikande aliyasoma, akayatia sahihi, akapitia jikoni kama kawaida. Hakudanganya mtu moyoni mwake. Kwao Machame mtori hupewa mzazi aliyejifungua saa ile ile, hupewa mgonjwa asiyeweza kula, hupewa mwenye homa. Mtu akishanywa mtori bado huulizwa atakula saa ngapi. Haikumjia hata mara moja kwamba alikuwa ameshakula.

Wakili Shekalaghe alifika saa nne, siku hiyo hiyo ya Alhamisi. Alikuwa wakili wa Aikande, na alikuwa wakili wa kampuni, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. Alikuwa mtu wa suti safi na salamu ndefu.

"Umeamkaje, dada Aikande? Wanakulisha vizuri?"

"Vizuri, wakili. Karibu."

Alitandaza karatasi mezani, mstari wa sukari wa siku arobaini, akaweka kidole.

"Hapa. Saa kumi na mbili na robo sukari inapanda kidogo. Unga umeonjwa saa kumi na mbili na nusu. Kesho yake, vilevile. Siku zote arobaini, kinundu hiki hiki."

"Ni mtori."

"Sijakuuliza."

"Nimekujibu."

Wakili alikunja karatasi taratibu. "Dada, nikisikia hivyo nitakuwa nimesikia, na sitaki. Mwili wa binadamu hupandisha sukari wenyewe unapoamka. Liko vitabuni, na mtaalamu wetu atalisema. Wewe Jumatatu utaulizwa swali moja: ulionja ukiwa na tumbo tupu? Utajibu ndiyo. Mwonjaji akiwa hana kosa, kampuni haina kosa. Linabaki kuwa jambo la maumbile, kama radi. Radi haishtakiwi."

"Na watoto?"

"Watapewa pole."

"Nikijibu hapana?"

"Kifungu cha kumi na tisa. Mwonjaji aliyevunja masharti atakunywa tena walichokunywa wao, kama walivyokunywa wao, mpaka augue. Kisha dawa yoyote itakayotafutwa itajaribiwa kwake kwanza. Hakijawahi kutumika. Sitaki kianze na mteja wangu." Na alikuwa anasema kweli, hilo lilionekana usoni. Hakumtakia mabaya. Alimtakia kimya tu, na kimya hicho kilimfaa kila mtu aliyekuwa mle chumbani.

Aikande akamweleza habari za chachu na njaa. Alieleza haraka, akijikwaa, na alipofika kwenye dripu wakili aliacha kuandika.

"Wewe si daktari," alisema mwishowe.

"Nina mwili uliokaa na chachu hii siku arobaini."

"Mwili wako ni kielelezo, dada. Hauna maoni."

"Basi sema wewe. Wapigie simu. Waambie wajaribu kuwalisha, usiseme umetoa wapi."

"Wataniuliza. Nikisema mteja wangu ndiye kaniambia, nimekufunga kabla hujasimama. Nikisema sikuambiwa na mtu, nimedanganya Baraza. Vumilia. Jumatatu si mbali."

"Nsia anayo hiyo Jumatatu?"

Wakili alifunga mkoba, akasimama, kisha akaketi tena, kama mtu aliyesahau jambo dogo, ingawa hakuwa amelisahau hata kidogo.

"Mtori haujipiki wenyewe. Kifungu kinasema mwonjaji na yeyote aliyemsaidia. Mama Kundaeli ana miaka sitini na mitatu. Wewe pengine utapona. Fikiria ini la mtu wa umri ule, halafu Jumatatu ujibu utakavyo."

Alipotoka, mlango ulijifunga kwa mlio wake ule ule. Aikande alimchukia kwa moyo wote, na alichukia zaidi kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Ukisema, unamuua mama aliyekulisha miaka tisa. Usiposema, unaua watoto walioamini unga ule kwa kutazama sura yako kwenye pakiti. Alizunguka meza. Chumba kilikuwa na hatua saba kwa tano, na alizihesabu hata asipotaka.

Ijumaa alijaribu kumwambia afisa wa zamu. Yule dada aliziba masikio kwa viganja akarudi nyuma hadi mlangoni, machozi yakimtoka, kwa sababu alikuwa na watoto wake na kazi ni kazi. Jumamosi Aikande aliomba mtori kwenye fomu ya chakula, akitumaini mtu huko nje atajiuliza kwa nini. Fomu ilirudi na sahihi ya wakili wake: hairuhusiwi. Jumapili redio ikasema wa nne amefariki, mvulana wa Uru.

Wale watatu wa mwanzo walikufa yeye akiwa hajui. Huyu wa Uru alikufa yeye akijua, siku tatu nzima, ameketi mezani na chakula kilichopimwa. Hilo lilimwingia mwilini na halikutoka. Hata alipojaribu kulia, alikumbuka kwamba machozi nayo ni ya Baraza.

*

Kiti chake kiliwekwa kwenye meza ya vielelezo, kati ya mzani na rundo la pakiti zenye sura yake. Ukumbi ulijaa. Safu ya mbele walikaa wazazi, na miongoni mwao baba yake Nsia, mikono yake mikubwa yenye makovu ya cheche ikiwa imelala magotini. Alimtazama Aikande bila hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kilemba cha Mama Kundaeli.

Hakimu alikuwa mama mwenye miwani minene na sauti ya chini. Mtaalamu wa kampuni alisimama akaeleza miili ya binadamu inavyoamka asubuhi, akaonyesha kinundu ukutani, na kila mtu akaona kwamba ni kinundu kidogo sana. Wakili Shekalaghe aliketi ametulia. Kisha hakimu akageukia meza ya vielelezo.

"Aikande Nkya. Katika siku hizo arobaini, ulionja Damuhai ukiwa na tumbo tupu?"

Alikuwa amejiandaa kwa majibu mawili, na hadi dakika ile hakujua atatoa lipi. Alimtazama baba yake Nsia. Akakumbuka mkungu wa ndizi. Ulikuwa mshare.

"Hapana, mheshimiwa. Nilikunywa mtori kwanza. Siku zote arobaini."

Wakili alikuwa ameshasimama, lakini Aikande hakumngoja. Alimgeukia daktari wa wodi, aliyekuwa ameketi upande wa mashahidi na macho mekundu ya kukesha.

"Daktari, chachu ile hufanya kazi ikiwa na njaa. Waliitengeneza hivyo, walituambia wenyewe. Mimi niliilisha kila asubuhi, ikalala. Nyinyi mmeinyima chakula tangu Jumapili ya wiki iliyopita. Tazameni mistari yenu."

"Kielelezo kijibu kilichoulizwa tu," alisema hakimu.

"Kielelezo kimeshajibu, mheshimiwa. Sasa naongea mimi."

Daktari alikuwa ameinamia kishikwambi chake, anarudisha mistari nyuma kwa kidole, siku baada ya siku. Kidole kikasimama. Alifunika mdomo kwa mkono, na wazazi waliomwona walielewa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Mtori huo ulipewa na nani?"

Hili Aikande alikuwa ameliandaa vizuri. "Nilijichotea mwenyewe, mheshimiwa. Mpishi hakuniona."

"Mheshimiwa." Sauti ilitoka nyuma. Mama Kundaeli alikuwa amesimama, anarekebisha khanga mabegani bila haraka. "Naomba radhi kwa kuingilia. Jikoni kwangu hakuna mtu anayejichotea. Waulizeni kiwanda kizima."

Watu kadhaa walicheka, si kwa furaha, ni kwa kushindwa kujizuia. Aikande alifumba macho.

"Nilimpa mimi," aliendelea mama. "Siku hizo arobaini, na miaka tisa kabla yake. Na mkubwa wa maabara alipita kila asubuhi akatukuta. Siku nyingine na yeye alikunywa."

Wakili Shekalaghe aliketi. Hukumu ilisomwa alasiri ile ile. Kwa kuwa mkubwa wa maabara aliujua mtori na akanyamaza, kampuni nayo iliitwa kujibu dhima yake wiki iliyofuata, na wakili akakusanya karatasi zake akatoka bila salamu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Mpishi, kwa umri wake, hatakunywa unga. Atapika mtori, chini ya mizani ya Baraza, kadiri utakavyohitajika. Mwonjaji atakunywa Damuhai kuanzia kesho, tumbo tupu, mpaka chuma kipande. Kikipanda atapewa mtori. Chuma kikishuka, ndipo wagonjwa waruhusiwe kulishwa, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu yeyote kupewa tiba iliyotoka kinywani mwa mwonjaji kabla mwonjaji hajaithibitisha mwilini mwake.

"Hiyo ni siku ngapi?" aliuliza hakimu.

"Sita," alisema daktari. "Labda saba."

Baba yake Nsia aliinuka. "Mheshimiwa, mimi siku sita sina."

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena. "Sheria haina mlango hapo, mzee wangu," alisema, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameutafuta.

*

Mtu akiinywa kwa kipimo cha watu wazima, mara tatu kwa siku, bila kula hadi jua litue, Damuhai haihitaji wiki kadhaa. Siku ya kwanza Aikande alihisi njaa tu. Siku ya pili alihisi ladha ya msumari mdomoni, haikuisha hata alipopiga mswaki. Siku ya nne, Ijumaa, alijitazama kwenye kioo cha bafuni akaona weupe wa macho yake umeingia manjano, na upande wa kulia, chini ya mbavu, palikuwa pazito. Aliogopa. Alijua watoto walihisi hivi hivi, bila mtu wa kuwaambia ni nini. Kwenye skrini ya ukutani mstari wa chuma ulikuwa unapanda kama ulivyopanda wao, na watu wa Baraza waliupiga picha kila saa na kuonekana kuridhika.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Alikuwa amesema kila kitu, mbele ya kila mtu, na bado watoto walilala na njaa wakimsubiri yeye augue vizuri. Mlango ulikuwa ule ule. Dirisha lilitazama ukuta ule ule. Redio walikuwa wameiondoa, ili kielelezo kisisumbuke, na hakujua kama Nsia yu hai.

Saa sita mchana mlango ulifunguka na Mama Kundaeli akaingia. Alikuwa amebeba chupa ya chai kubwa yenye kibandiko cha Baraza, na bakuli, na kijiko. Afisa wa zamu alipima chupa, akaandika, akasimama pembeni akitazama ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua."

"Umefuata nini siku ile kusimama? Nilikuwa nimeshakutoa."

"Ulikuwa umenifanya mpishi anayeibiwa mtori miaka tisa," alisema mama. "Ningekaaje na jina hilo?"

Alifungua chupa. Harufu ya mfupa na ndizi ilijaa chumba. Mama alimimina bakulini, lakini hakumpa. Alichota kijiko, akanywa yeye kwanza, taratibu, akimtazama machoni, kama alivyofanya kila asubuhi kiwandani bila Aikande kulitilia maanani.

"Si lazima, mama. Naujua mkono wako."

"Kunijua ni kwako. Kuonja ni kwangu." Alifuta kijiko. "Chuma kimepanda, wameniambia. Kuanzia leo unakunywa huu. Siku mbili, tatu, wataona."

"Na huko wodini wanasubiri hizo siku mbili, tatu."

"Madaktari wanasubiri."

Aikande aliinua macho. Mama Kundaeli alimtupia jicho afisa wa zamu. Yule dada aliendelea kutazama ukuta, ila alikuwa amezishika khanga za mama kwa ajili ya ukaguzi, na hakuwa anazikagua.

"Jumatatu ile ile," mama alisema kwa sauti ya chini, "watu hawajatawanyika, yule baba fundi alinishika mkono hapo nje. Hakuniuliza kitu kingine, aliniuliza tu naanza kuchemsha mfupa au naanza na ndizi. Nikamwambia. Siku ya pili zilikuwa chupa nane. Jana nimesimama getini nikahesabu thelathini na saba, zimefichwa kwenye mabegi ya nguo, zimefungwa migongoni kama watoto. Manesi wakifika kitandani, wanakumbuka kitu walichosahau dirishani."

"Mama. Sheria inasema lazima kuwe na mwonjaji."

"Wapo."

"Nani kawaonjea?"

"Kila mtu kamwonjea wake. Mzazi anamimina kwenye kifuniko, anakunywa yeye mtoto akimtazama, anangoja kidogo, ndipo anampa."

Aikande aliwaza haraka, kama mtu aliyefundishwa kazi hii miaka tisa. Watu thelathini na saba, bila kipimo, bila hati, kwa neno lake moja. "Kama nimekosea tena? Kama mtori huu unawadhuru, nani atajibu?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo yule baba. Akasema safari ile alitazama sura yako kwenye pakiti, safari hii alionja mwenyewe. Likitokea la kutokea, asitafutwe mtu mwingine." Mama alimsogezea bakuli. "Kunywa, unapoa."

"Nsia?"

"Mimi vimistari vyao sivijui kusoma. Ila jana nilipita kitandani kwake. Alikuwa ameegemea mto. Kanitazama kwa yale macho yake ya manjano, akasema, bibi, mtori huu hauna chumvi."

Aikande alilia, na safari hii hakukumbuka machozi ni ya nani. Afisa wa zamu aliyatazama yakidondoka mezani na hakufungua kichupa cha kuyakusanyia. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na nje ya mlango kulikuwa na siku nyingine mbili, tatu, na baada yake ini lake, ambalo hakuna aliyeweza kumwahidi lolote kulihusu. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Hakukuwa na chumvi ya kutosha kweli, kwa kuwa Baraza liliipima, na Aikande alimaliza yote akaomba aongezewe.